Dume yupi bora? Kupima punda wa mkokoteni na punda wa mbegu, Nakuru

Penye kioski cha maji Rhonda au Kaptembwo, mikokoteni ikiwa imepanga foleni alfajiri, ubishi haukosi: dume wa nani ndiye mkali. Mmoja atataja mlima ambao punda wake huupanda bila kusimama, mwingine atataja idadi ya mitungi. Ubishi huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana, kwa sababu mwisho wake mtu hupeleka jike wake kwa dume aliyesifiwa, kisha hungoja mwaka mzima kuona alichopata. Tatizo ni kwamba wabishi huchanganya maswali mawili. La kwanza ni nani anavuta vizuri. La pili ni nani anazaa wavutaji wazuri. Kila moja lina kipimo chake.

Wafugaji wa farasi wa mbio za vigari kule Marekani walilitambua hili zamani. Dan Patch, aliyezaliwa 1896, alikuwa farasi wa mwendo wa upande, yaani mguu wa mbele na wa nyuma wa upande mmoja huenda pamoja. Hakushindwa mbio hata moja. Mbio moja ilikuwa na raundi kadhaa, na alichopoteza ni raundi mbili tu. Mwaka 1905 alimaliza maili moja kwa dakika 1 na sekunde 55 na robo. Hata hivyo, upande wa kuzaa hakukaribia sifa aliyokuwa nayo uwanjani. Sasa mtazame Hambletonian, aliyezaliwa 1849 katika jimbo la New York. Mfanyakazi wa shamba alimnunua pamoja na mama yake kwa dola 125. Hakuwa bingwa wa mbio, lakini alizaa watoto 1,331, na karibu farasi wote wa vigari wa Marekani leo wana damu yake. Wapo waliojaliwa yote mawili, kama Somebeachsomewhere, aliyeshinda mbio 20 kati ya 21 kisha akawa mzazi wa mabingwa. Lakini hilo lilijulikana watoto wake walipoingia uwanjani, si kabla.

Kwa punda wetu kanuni ni ile ile, na hatari ni kubwa zaidi. Sensa ya 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8 Kenya, ya 2019 ikakuta kama milioni 1.2. Kati ya hizo mbili vilifunguliwa vichinjio vya punda, Mogotio na Naivasha vikiwemo, na wizi wa punda ukawa janga. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda kwa miaka 15. Idadi ikipungua, madume nao hupungua, na mitaa mizima hujikuta ikipandisha kwa dume mmoja au wawili. Dume huyo akiwa na kasoro, kasoro inaenea. Ndiyo sababu tunasisitiza vipimo.

Kumpima mvutaji

Anza na umri, maana dume wa miaka 3 hashindanishwi na wa miaka 8. Fungua mdomo uangalie meno ya mbele. Yale mawili ya katikati hubadilika punda akiwa na takriban miaka 2 na nusu, yanayofuata miaka 3 na nusu, ya pembeni miaka 4 na nusu. Akifika miaka 5 mdomo umejaa. Punda asiyejaa mdomo asipewe mzigo kamili, hata awe na mwili mkubwa namna gani, kwa kuwa viungo vya miguu bado vinakomaa.

Hapa Nakuru kuna jambo linalowapotosha wanunuzi. Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi, na punda aliyekulia kwenye maji hayo huota meno yenye madoa ya kahawia, yanayokatika na kulika upesi. Ukimkuta na meno yaliyochakaa, muuzaji atakwambia ana miaka 10 na huenda kweli ana 7. Na wewe ukiona meno ya kahawia utadhani ni mzee. Usiangalie rangi. Angalia ni meno gani yamebadilika, yanavyokutana ya juu na ya chini, na mashimo ya weusi yaliyo juu ya meno yamefutika kiasi gani. Kwa floridi nyingi hata mashimo hayo hufutika mapema, kwa hiyo baada ya miaka 7 hesabu ya meno chukua kama makadirio tu.

Kisha pima mwili. Pitisha kiganja ubavuni bila kukandamiza. Mbavu zinapaswa kuguswa kwa urahisi lakini zisionekane ukiwa umesimama hatua tatu. Akiwa na nundu ngumu ya mafuta shingoni inayoanza kulala upande mmoja, huyo amenona kupita kiasi, wala si nguvu. Punda mnene akinyimwa chakula ghafla, labda kwa sababu ameugua au amesafirishwa, mafuta hufurika kwenye damu na ini hushindwa kazi. Wengi hufa ndani ya siku chache.

Miguu itazame kwa mbele na kwa nyuma, punda akitembea kwa kamba iliyolegea kwenye ardhi ngumu. Mstari kutoka begani hadi katikati ya kwato usipinde. Magoti ya nyuma yakigusana, au kwato zikitupwa nje, mzigo utamla viungo. Kwato za punda ni nyembamba na zimesimama kuliko za farasi, hivyo usikubali mtu azipunguze kwa kipimo cha farasi. Zikatwe kila wiki 6 hadi 10. Msimu wa mvua angalia chini ya kwato kama kuna sehemu laini yenye harufu mbaya.

Sasa jaribio lenyewe. Watu hupenda kushindanisha punda kwa kuwakimbiza barabarani, mmoja nyuma ya mwingine, kiboko juu. Hilo halipimi chochote ila woga. Fanyeni hivi.

Tumieni mkokoteni mmoja kwa wote, na dereva mmoja, asubuhi kabla jua halijapanda. Magurudumu yawe na upepo sawasawa na beringi zizunguke bila kelele. Pakieni mitungi 10 ya lita 20, yaani kilo 200 za maji. Mkokoteni wa magurudumu mawili wa kawaida una kama kilo 80 hadi 100, kwa hiyo jumla ni karibu kilo 300. Punda wetu wengi wana uzito wa kilo 120 hadi 180. Mara mbili ya uzito wa punda, mkokoteni ukiwemo, kwenye lami tambarare, ndiyo kikomo tunachokubali, kwa hiyo aliye chini ya kilo 150 apunguziwe mitungi. Mlima kama wa kutoka Bondeni kwenda juu, au tope la Bahati baada ya mvua, hukata kikomo hicho nusu. Kumpakia mmoja mitungi 20 si ushujaa. Punda atavuta kwa sababu hajui kukataa, na mwaka wa tatu utamwona amepinda miguu ya mbele.

Kabla hajafungwa, mwachie dakika 15 atulie. Weka vidole viwili kwenye mshipa ulio chini ya taya, au kiganja nyuma ya kiwiko cha kushoto, uhesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha zidisha kwa 2. Punda mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 36 na 52 kwa dakika, na pumzi kati ya 12 na 28. Andika. Aende kilomita 1 tambarare kwa mwendo wake, bila kupigwa. Mwendo wa kawaida na mzigo ni kilomita 3 hadi 4 kwa saa, kwa hiyo atachukua dakika 15 hadi 20. Akifika, hesabu tena mara moja, na tena baada ya dakika 10 za kupumzika kivulini.

Mshindi ni yule ambaye baada ya dakika 10 mapigo yamerudi karibu na ya mwanzo, ametembea kwa hatua zilezile mwanzo hadi mwisho, na hakusimama. Hata kama dakika 2 zaidi zilipita. Aliyefika wa kwanza lakini mapigo bado yako juu ya 60, pua zimepanuka na jasho limelowa hata mahali pasipo na ukanda, huyo alivuta kwa moyo kuliko uwezo, na hatadumu kwenye kazi ya siku sita kwa wiki.

Matandiko yanavyodanganya

Mara nyingi dume anayeshindwa hana kosa. Ukanda wa kifua ndio unaomzuia. Ukipanda juu, unabana koo la pumzi na punda huinua kichwa na kukohoa. Ukishuka chini, unazuia bega lisisogee mbele na hatua hufupika. Unapaswa kulala juu kidogo tu ya ncha ya bega, ile mifupa miwili inayojitokeza kifuani, na kiganja kilichonyooka kipite kati ya ukanda na mwili. Upana uwe sentimita 8 hadi 10. Kamba ya nailoni na ukanda wa tairi lenye nyaya hukata ngozi ndani ya wiki moja. Ukanda wa turubai nene au mkanda wa gari uliokunjwa mara mbili, ukishonewa blanketi ya pamba upande wa ndani, ni rahisi kupata na hufuliwa. Pamba ndiyo inayonyonya jasho. Sponji ya godoro huloa, hujikunja, huwa kama jiwe.

Tandiko la mgongoni lisikae juu ya uti wa mgongo. Shona mito miwili, mmoja kila upande, yenye nafasi ya vidole vitatu katikati. Punda mwenye nywele nyeupe katika mstari mmoja mgongoni amewahi kuumizwa na tandiko hapo. Nywele huota nyeupe mahali kidonda kilipopona. Usimhukumu yeye kwa hilo, lakini mwenye mali muulize maswali.

Mizani ya mkokoteni pia. Ukiwa umepakia, simama mbele, shika ncha za mikono ya mkokoteni, uinue. Uweze kuinua kwa mkono mmoja bila kukaza. Ikiwa nzito, mzigo uko mbele mno na mgongo unaponda. Ikipaa yenyewe, mzigo uko nyuma na ukanda wa tumboni unamkaba punda. Sogeza mitungi miwili tu, utaona tofauti.

Na ukanda wa nyuma, unaozunguka makalio chini ya mkia kwa kiasi cha shubiri moja na kufungwa kwenye mikono ya mkokoteni. Mikokoteni mingi ya mjini haina kabisa. Bila ukanda huo, kwenye mteremko mkokoteni humgonga punda miguuni, naye hana pa kushikia breki isipokuwa ngozi yake. Dume aliyezoea hivyo huogopa mteremko maisha yake yote, kisha watu husema ana roho mbaya.

Kumpima mzazi

Hapa ndipo ubishi mwingi unapoharibika, kwa sababu kipimo chake hakionekani siku hiyo. Dume huhukumiwa kwa watoto wake. Tafuta angalau watano, wenye miaka 2 kwenda juu, wa majike tofauti. Kwa nini majike tofauti? Nusu ya mtoto ni ya mama. Dume aliyepandisha jike mmoja hodari mara tatu atasifiwa kwa kazi ya jike huyo. Ukiona watoto watano wa mama watano, na wanne wamenyooka miguu, wana kifua kipana na hawang'ati watu, hapo unaona mkono wa baba.

Tazama hasa yale yanayorithiwa. Meno ya juu yaliyotangulia mbele ya ya chini, ambayo hutafuna majani vibaya. Kwato zilizopinda kwa watoto wengi, si mmoja. Korodani moja isiyoshuka. Hili la mwisho lichunguze kwa dume mwenyewe: korodani zote mbili ziwe zimeshuka, zinakaribiana kwa ukubwa, zina uthabiti kama misuli ya mkono iliyolegea, hazina maumivu. Dume mwenye korodani moja anaweza kupandisha na mimba ikashika. Ndiyo maana kasoro yake huendelea. Asitumike hata kama anavuta mitungi 15.

Usimpeleke jike kwa baba yake, kaka yake wala mwanawe. Kila mtu analijua hili, lakini mtaani ambako dume mmoja amepandisha miaka minane, nusu ya majike wachanga ni binti zake na hakuna aliyeandika. Ukiwa Njoro, vuka ukatafute dume Subukia au Gilgil. Kumsafirisha kunahitaji kibali cha kuhamisha mifugo kutoka ofisi ya daktari wa mifugo ya kaunti ndogo, na unaponunua dai maandishi yenye sahihi ya muuzaji na mashahidi. Ukikamatwa na punda wa wizi bila karatasi, kujitetea ni kazi kubwa.

Dume huweza kupandisha akiwa na miaka 2, lakini mngoje hadi 3. Jike naye angalau miaka 3. Aliyepandwa mdogo huacha kukua na huzaa kwa shida.

Siku za joto

Jike hurudi kwenye joto kila siku 21 hadi 28, wengi siku ya 24, na joto hudumu siku 6 hadi 9. Dalili iliyo wazi kuliko zote ni mdomo: ananyoosha shingo mbele na chini, masikio yamelala nyuma, anafungua na kufunga taya kama anatafuna hewa, mate yakidondoka. Huinua mkia na kukojoa kidogo kidogo. Wengine huwapanda majike wenzao. Asiyejua hudhani ana ugonjwa wa meno.

Yai hutoka karibu na mwisho wa joto, kwa hiyo kupandisha siku ya kwanza pekee ni kupoteza safari. Anza siku ya tatu, rudia kila baada ya siku moja mpaka jike amkatae dume. Jambo linalowaponza waliozoea ng'ombe ni haraka. Dume wa ng'ombe humaliza kwa sekunde. Punda dume anaweza kukaa nusu saa na zaidi akinusa, akiondoka, akirudi, akiinua mdomo wa juu hewani. Ukimvuta na kumpiga ukidhani hataki, utamfundisha kuogopa. Waweke kwenye boma la mita 10 kwa 10, lisilo na misumari wala nyaya, mtu mmoja kila kamba. Madume hung'ata shingo kwa nguvu. Akimng'ang'ania jike hadi ngozi ichanike, mtenganishe. Dume mmoja asipandishe zaidi ya mara 3 kwa wiki ikiwa bado anavuta mkokoteni.

Mimba huchukua takriban miezi 12, lakini kati ya 11 na 14 ni kawaida, kwa hiyo usianze kumpa dawa za kienyeji mwezi wa kumi na mbili ukiisha. Hesabu hii inakupa nafasi nzuri: ukipandisha Aprili, atazaa Aprili mwaka unaofuata, masika yakiwa yameotesha majani. Punda wa Njoro aliyezaa wakati wa kiangazi akilishwa majani makavu ya ngano peke yake hukauka maziwa. Miezi mitatu ya mwisho asivute. Akizaa, mtoto asimame ndani ya saa 1, anyonye dang'a ndani ya saa 2, na kondo la nyuma litoke ndani ya saa 3. Lisipotoka, mpigie daktari wa mifugo saa hiyohiyo, usilivute. Arudi kwenye kazi nyepesi baada ya miezi 2, na mtoto aachishwe akiwa na miezi 6.

Madume wengine wote

Wengi wa madume waliotajwa kwenye ubishi hawatafaa kuwa wa mbegu, na hilo haliwapunguzii thamani ya kuvuta. Wahasiwe, vizuri wakiwa na umri wa miezi 6 hadi 18. Kazi hii ifanywe na daktari wa mifugo, kwa dawa ya ganzi na kinga ya pepopunda. Mishipa ya damu ya korodani za punda ni mikubwa, na isipofungwa kwa uzi punda hutoka damu hadi kufa. Fundi aliyezoea kubana ng'ombe kwa koleo asiguse punda. Baada ya hapo apumzike, atembezwe kidogo kila siku ili uvimbe ushuke, na mkokoteni ungoje angalau wiki 3. Aliyehasiwa akiwa mkubwa hubaki na tabia ya udume wiki kadhaa, hivyo mtenge na majike walio kwenye joto.

Dume atakayebaki mfungulie daftari. Kila ukurasa jike mmoja: rangi yake na alama, tarehe zote alizopandwa, tarehe aliyozaa, jinsia ya mtoto, hali ya miguu akiwa na wiki 1, meno akiwa na miezi 6, na alikouzwa. Kama daftari limeanza Aprili hii, watoto wa kwanza watazaliwa Aprili ijayo, na watafikisha miaka 2 Aprili mbili baada ya hapo. Siku hiyo ndipo wenye madume wakutane tena kwenye kioski, kila mmoja na daftari lake.